Kengele Inayozima Magharibi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa hivi, kazi ilinibana, na leo nikirudi sina msimbo wa kuwaonyesha. Nina nyaya mbili tu zinazotoka ndani ya nyumba hadi getini. Lakini kaeni nami kidogo, kwa sababu kwenye nyaya hizo mbili nilikutana na kasoro tamu kuliko nyingi nilizowahi kuzifukuza kwenye tarakilishi.

Kengele yenyewe ni ile yenye kamera. Mtu akibonyeza kitufe getini simu yako inalia, unamwona uso, unazungumza naye ukiwa jikoni au hata ukiwa safarini Dubai. Binamu yangu anayeishi Texas alimletea mamake, yaani shangazi yangu, alipokuja likizoni. Shangazi anaishi Bamburi, hapa Mombasa, peke yake. Goti lake la kulia halimtaki tena, na kutoka mlango wa jikoni hadi getini ni mita 28. Nilizipima kwa utepe, mtaona kwa nini.

Fundi akaifunga. Mchana ikafanya kazi vizuri kabisa. Ilipofika magharibi ikazima. Asubuhi ikaamka yenyewe, na jioni ikazima tena. Ikawa hivyo kila siku. Mtu wa intaneti alikuja akasema ni ruta. Fundi akasema kamera ni mbovu, binamu airudishe dukani. Shangazi akasema, "Mwanangu, kitu hiki kinaogopa giza." Tulicheka, lakini nawaambia kati ya maelezo yote yaliyotolewa wiki hiyo, lake ndilo lililokuwa karibu zaidi na ukweli.

Kilichonitoa nyumbani kwangu Jumamosi si udadisi peke yake. Shangazi alikuwa amezoea haraka sana kutotembea hadi getini. Kamera ilipoanza kuzima usiku hakurudi kwenye mazoea yake ya zamani. Alianza kuliacha geti dogo bila komeo tangu magharibi, ili wajukuu wakitoka madrasa na kijana wa maziwa wajiingilie wenyewe. Kitu kilichonunuliwa ili geti lifungwe ndicho kilichofanya liachwe wazi.

Sasa, kabla sijaendelea, onyo, na hapa sitanii. Kijitabu kinachokuja na kengele hizi mara nyingi kimeandikwa kwa ajili ya nyumba ya Marekani. Huko stima ya nyumbani ni volti 120, na kengele ya mlango kwa kawaida hupitia transfoma inayoishusha hadi volti 16 au karibu na hapo. Ndiyo maana kijitabu kinakwambia ung'oe kitufe cha zamani kana kwamba unafungua kifuniko cha redio. Hapa kwetu stima ni volti 240, na zipo nyumba nyingi ambazo kengele inakula hizo 240 moja kwa moja. Kitufe cha getini ni swichi tu kama ya taa, tena kimefungwa nje kwenye mvua. Ukizishika nyaya za namna hiyo ukidhani ni za 16, hutapata nafasi ya kusoma ukurasa wa pili.

Kwa hiyo zima swichi kuu. Fungua kitufe, tenganisha ncha mbili zisigusane na zisiguse ukuta. Washa tena, kisha pima kati ya ncha hizo kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo geu, ule wa kwenye soketi, upeo wa juu kabisa. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa usiihesabu kuwa ushahidi. Ukiona 240, zima, funga kila kitu ulivyokikuta, mwite fundi mwenye leseni. Ukiona namba iliyo chini ya 30, una transfoma mahali fulani, na makala haya yanakuhusu.

Kwa shangazi transfoma ilikuwepo. Zilikuwepo mbili, kusema kweli. Binamu alileta na ya kwake kutoka Marekani, 120 kuingia na 16 kutoka. Ukiiweka hiyo kwenye 240 inatoa mara mbili ya inavyotakiwa, inapata moto, na mwisho wake ni harufu ya plastiki. Fundi aliikataa papo hapo, na kwa hilo nampa heko. Akaweka ya huku: 230 kuingia, 16 kutoka, VA 10. Hizo VA ni volti mara ampea, yaani uzito wa mzigo ambao transfoma inaweza kuubeba. Kumi ukigawa kwa 16 unapata ampea 0.6 na kidogo. Boksi la kamera lilidai volti 16 hadi 24 za mkondo geu, VA 10 hadi 40. Kwa karatasi, basi, kila kitu kilikuwa sawa. Kwa ukingo wa wembe, lakini sawa.

Ngoja niseme kidogo kuhusu kengele, maana bila hili mengine hayaeleweki. Kengele ya stima ni kongwe kuliko simu. Mwaka 1831 Joseph Henry, aliyekuwa mwalimu huko Albany, Marekani, aliliza kengele kwa sumaku ya umeme kupitia waya wa zaidi ya maili moja. Tangu siku hizo kitufe cha mlangoni kimekuwa kitu kijinga kabisa: ncha mbili za waya zinazogusana ukibonyeza. Kitufe hakihitaji kula. Kamera iliyowekwa mahali pake inahitaji kula mchana na usiku, na chakula chake kinapita kwenye nyaya zile zile ambazo aliyezivuta hakuwahi kuwazia kazi zaidi ya kugonga ding-dong mara tano kwa siku.

Wamarekani walibuni ujanja. Kamera inaunganishwa kwa mfululizo na kengele ya ndani, inanyonya mkondo mdogo kupitia koili yake, mdogo kiasi kwamba nyundo haigongi. Mtu akibonyeza, kamera inazigusanisha nyaya mbili kwa muda mfupi, mkondo wote unakimbilia kwenye koili, kengele inalia, na kwa muda huo kamera inaishi kwa akiba yake ndogo ya ndani. Mimi naupenda ujanja huu. Lakini kengele ya zamani ya shangazi ilikuwa ya volti 8, ikawa inanung'unika kutwa kama mzee aliyenyimwa kahawa, hivyo fundi akairuka na kuipeleka transfoma moja kwa moja kwenye kamera. Ya shangazi ni aina inayoruhusu hivyo, mradi uiambie kwenye apu kwamba ndani hakuna kengele. Zipo aina nyingine zinazodai kipande cha kuzuia mkondo kiwekwe mahali pa kengele, na ukipuuza unaunguza kitu. Soma kijitabu.

Haya, Jumamosi nikampigia fundi aje. Sikutaka kuchokonoa kazi ya mtu akiwa hayupo, si adabu. Alikuja na begi lake, akanisalimia kwa dhihaka kidogo, "Karibu injinia," akanieleza bila kuficha: "Stima iko. Nilipima getini, volti 19. Boksi linataka kuanzia 16. Kilichobaki ni kamera yenyewe."

Mnaona kosa liko wapi? Hesabu yake haina kosa. Namba ni ya kweli, nilipima mwenyewe nikapata 19.3 getini na 19.4 kwenye transfoma. Swali ni namba hiyo ilipatikana katika hali gani. Ili kupima, fundi aliichomoa kamera. Nyaya zilikuwa hazibebi kitu ila mita yenyewe, na mita ya kisasa hainywi mkondo wa maana. Georg Ohm alichapisha kanuni yake mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiwa sufuri, hakuna kinachopotea, hata waya uwe mbovu namna gani. Ni sawa na kuupima msukumo wa maji bomba likiwa limefungwa. Fungua bomba ndipo ujue kama paipu imeziba.

Na transfoma ndogo zina tabia yake. Ile namba ya 16 iliyoandikwa juu ni ahadi ya wakati imebeba mzigo wake kamili. Bila mzigo inaonyesha zaidi, 19 na kitu, na hiyo ziada ndiyo inayomdanganya mtu aone ana akiba.

Sasa turudi kwenye giza. Jua likizama kamera inawasha vitaa vyake vya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni lakini yenyewe inauona. Vitaa hivyo vinakula. Mkondo unaongezeka, volti getini zinashuka, kamera inakosa nguvu inajizima. Ikijizima mzigo unaondoka, volti zinapanda, kamera inaamka, inaona kiza, inawasha vitaa, inaanguka tena. Wenzangu waandishi wa programu wanaijua ngoma hii: seva inaanguka ikizidiwa, inawashwa upya, wateja wote wanaikimbilia kwa pamoja, inaanguka. Ukiijaribu wewe peke yako mchana haina neno.

Hiyo ilikuwa nadharia tu. Kuithibitisha nilihitaji mzigo. Kamera yenyewe si mzigo mzuri wa kupimia kwa sababu ulaji wake unapanda na kushuka kila dakika. Nilitaka kitu kijinga kinachokula vile vile muda wote. Nilikuwa nimepitia Changamwe asubuhi kwenye duka la spea za malori nikanunua balbu mbili za volti 24, wati 5, zile ndogo za pembeni ya trela, pamoja na soketi zake. Zote hazikufika shilingi 200. Kama unataka kununua kifaa kimoja cha kutafutia kasoro ya kengele baada ya multimita, nunua hizo.

Tukachomoa kamera, tukafunga balbu moja getini. Mita ikasoma 16.7. Tukaongeza ya pili kando yake. 14.4. Fundi akainama kuangalia kioo cha mita mara ya pili, akaondoa balbu moja, akairudisha, akaangalia tena. Halafu akasema polepole, "Kumbe hapa ndipo inapokufa." Balbu moja ilikuwa mchana wa shangazi, na mbili zilikuwa usiku wake.

Kutoka hapo kazi ni ile ile ya kutafuta kosa kwenye programu: gawa njia katikati, uliza upande upi ni mgonjwa. Balbu mbili zikiwa zinawaka getini tulirudi kwenye transfoma, tukapata 17.7. Kwa hiyo transfoma yenyewe ilikuwa imeshuka volti 1.7, na volti 3.3 nyingine zilipotea katika zile mita 28. Katikati ya njia, karibu na tangi la maji, kulikuwa na kiboksi cha kuungia nyaya. Ndani yake nyaya zilikuwa zimesokotwa na kuvikwa tepu nyeusi. Hapa nataka muone mbinu ambayo watu wengi hawaitumii. Usipime kati ya waya na waya. Weka ncha moja ya mita upande huu wa kiungo, na ncha ya pili upande wa pili wa kiungo hicho hicho, mzigo ukiwa umewaka. Kiungo kizima kitakupa karibu sufuri. Cha kwanza kilitupa sufuri. Cha pili kilitupa volti 1.8.

Volti 1.8 kwenye urefu usiozidi kucha! Tulipobandua tepu tukakuta unga wa kijani. Bamburi ni pwani ya kweli, upepo wa kusi unaingiza chumvi hadi kwenye kabati la vyombo, na shaba isiyofunikwa vizuri haina ujanja mbele yake. Mchana mkondo mdogo ulipita pale ukipoteza kidogo. Usiku hauwezi.

Zilibaki volti 1.5 ambazo ni za waya wenyewe, na hapo ndipo ule utepe wangu ulipofaa. Aliyevuta kengele ya kwanza alitumia waya wa simu wenye shaba ya kipenyo cha milimita 0.5. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa karibu omu 0.088 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 56, yaani omu 4.9. Balbu mbili kwa volti zile zinanyonya kama ampea 0.31. Zidisha: 1.5. Nakiri nilifurahi kupita kiasi. Shangazi alinitazama kutoka barazani akauliza kama nimepata pesa.

Marekebisho hayakuwa na maajabu. Tulikata ncha zilizooza hadi tukafika kwenye shaba nyekundu, tukaunga kwa vile vikonekta vya simu vyenye grisi ndani, kiboksi kikafungwa vizuri. Waya ule wa simu ulikuwa na nyuzi nne na zilizotumika ni mbili tu, kwa hiyo tukaziunganisha mbili mbili, ukinzani wa njia ukawa nusu. Balbu mbili, getini: 16.8.

Fundi akafurahi. "Basi injinia, imepita 16." Mimi sikuridhika. Jioni ndiyo saa ambayo kila nyumba ya mtaa imewasha kitu, stima inashuka kidogo, na transfoma inashusha kwa kiwango hicho hicho. Ikipungua asilimia tano tu, 16.8 inakuwa 16 kamili. Programu inayopita jaribio kwa bahati siihesabu kuwa imepita. Tena hili si jambo la video kukatika katikati. Ni mwanamke wa miaka 67 kujua aliyesimama getini ni nani.

Kwa hiyo transfoma ikabadilishwa. Duka la Digo Road walitaka kunipa ya volti 24, kwa hoja kwamba zaidi ni bora. Si kweli. Transfoma ndogo ya 24 bila mzigo inaweza kusoma 28 au zaidi, na kamera hii mwisho wake ni 24. Ungeiponya usiku ukaichosha mchana. Duka la tatu nilipata ya volti 18, VA 30. Volti zimeongezeka kidogo tu. Faida kubwa iko kwenye VA, kwa sababu transfoma nene haishuki ovyo ikipewa mzigo. Upande wa 240 aliufunga fundi, mimi nikiwa nimeweka mikono nyuma. Ana leseni ya EPRA, mimi nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na kwa Sheria ya Kawi ya 2019 shahada yangu haitambuliki mbele ya swichi kuu. Matokeo: bila mzigo 20.8, kwa balbu mbili 19.4. Kile kiungo cha katikati tulikipima tena tukapata volti 0.02.

Adhana ya magharibi ilitukuta tunakunywa chai. Picha ikageuka kutoka rangi hadi nyeusi na nyeupe, ikabaki. Shangazi alishika simu muda mrefu akiangalia geti lisilo na mtu, halafu akamtuma mjukuu akatie komeo. Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita na haijazima hata usiku mmoja.

Kazi haijaisha yote. Jirani wa mbele alikuja siku ya tatu kulalamika kwamba kamera inatazama mlango wake, na alikuwa na haki. Tuliigeuza ielekee chini na kuziba sehemu hiyo kwenye apu, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 picha za watu si mchezo. Na waya wa simu bado ni waya wa simu. Kabla ya masika nataka uvutwe mwingine wa milimita mraba 1.5 ndani ya paipu, usio na kiungo njiani. Fundi ameshanipa bei, tunabishana.

Zile balbu za trela ameziweka kwenye begi lake. Aliniomba, nikampa. Wiki jana alinipigia kutoka Nyali akiwa kwenye geti la mtu mwingine: bila mzigo 21, na mzigo 12. Aliniuliza kama nadhani ni kiungo au ni waya. Nikamwambia aweke mita upande huu na upande huu. Akasema ameshaweka, alitaka tu nisikie.